UZI: Doom, gemu ya 1993 ambayo wanetu wanaicheza bila kuijua

1/10
Leo tunaacha kidogo mambo ya presha na lishe. Swali ninaloulizwa sana na wazazi siku hizi, ukiacha lile la chanjo, ni hili: "Sista, hizi gemu za kushuti hazitamharibu mwanangu?" Huku Boko banda la gemu halikosekani, na asiyekwenda bandani anacheza kwenye simu ya mama yake: Free Fire, PUBG, Call of Duty. Mzazi anasikia milio ya risasi mpaka usiku na anaogopa. Ana haki ya kuogopa.

Jibu ninalo, lakini halieleweki vizuri kama hujui hizi gemu zimetoka wapi. Ukipanda ukoo wake juu, utafika kwa babu mmoja anaitwa Doom. Alizaliwa Texas, Marekani, tarehe 10 Desemba 1993. Amepita kwenye kesi, kwenye mahubiri, kwenye maabara, mpaka ndani ya kipimo cha mimba (hii sio utani, utaiona sehemu ya 9). Ukijua maisha ya huyu babu utajua lipi la kumwogopea mtoto wako na lipi la kuacha. Tafuta chai, ni ndefu kidogo.

2/10
Tuanze na mwaka wenyewe. Desemba 1993 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa na yao tangu miaka ya 70. Huku Bara vituo vya kwanza, ITV wakiwemo, vilianza kurusha 1994. Ukitaka kuona picha inayotembea unakwenda kwa jirani mwenye deki, unakaa chini na watoto wenzako, mnaangalia mkanda uleule kwa mara ya kumi.

Kompyuta nazo zina kisa chake. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuendesha mahesabu ya serikali kwa kompyuta pale Wizara ya Fedha kuvurugika. Kamba ililegezwa polepole miaka ya 80 na 90. Kwa hiyo wakati vijana wa Texas wanatoa Doom, kwetu kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi chache tu, tena imefunikwa kitambaa isiingie vumbi.

Nayasema haya kwa sababu wengi tunadhani gemu za kushuti zimekuja juzi na simu za kupangusa. Kumbe zina umri wa mtu mzima mwenye watoto. Kuna wazazi wanaogopa kitu ambacho ni rika lao.

3/10
Haki ya mtu tumpe: Doom haikuwa ya kwanza kumweka mchezaji ndani ya macho ya mhusika. Mwaka 1973, kwenye kituo cha NASA Ames kule California, vijana waliokuwa mafunzoni walitengeneza gemu ya kutembea kwenye njia za kupotezana. Kuta zilikuwa mistari mitupu. Wakaunganisha kompyuta mbili kwa waya, wakaanza kuwindana humo ndani. Wazo ndipo lilipoanzia.

Miaka 18 baadaye, 1991, vijana wanne walianzisha kampuni ndogo inaitwa id Software: John Carmack, John Romero, Tom Hall na Adrian Carmack (majina yanafanana ila hawana undugu). Mei 1992 walitoa Wolfenstein 3D, ya kukimbia ndani ya ngome ya Wanazi. Ilifanya vizuri sana. Wengine wangetulia hapo wakatoa toleo la pili na la tatu la kitu kilekile. Hawa wakaanza upya.

Mwaka 1993 Carmack, mtaalamu wa programu, alikuwa na miaka 23. Romero, mbunifu, alitimiza 26. Hawakuwa na bajeti kubwa. Baadhi ya majini ya Doom yalifinyangwa kwa udongo kwanza, yakapigwa picha kila upande, picha zikaingizwa kwenye kompyuta. Baadhi ya bunduki unazoziona ni midoli ya watoto ya dukani iliyopigwa picha. Msumeno ule wa injini ulikuwa wa kweli, wa kuazima.

Hadithi ni nyepesi: wewe ni askari kwenye Phobos, mwezi wa sayari ya Mars. Watafiti wamecheza na mitambo wasiyoielewa, wamefungua mlango wa kuzimu, majini yametoka. Wenzako wote wamekufa. Umebaki peke yako.

4/10
Sasa kilichowafanya watu wapagawe ni kile macho yalichoona. Kompyuta ya wakati ule ilikuwa dhaifu. Doom ilitaka memori ya megabaiti 4. Simu yako ya bei rahisi ina zaidi ya mara mia tano ya hiyo. Skrini ilikuwa na nukta 320 kwa 200, yaani nukta 64,000 tu, na zilitakiwa zichorwe upya mpaka mara 35 kwa sekunde. Wolfenstein ilikuwa na kuta za urefu mmoja, pembe zote za mraba, mwanga uleule kila mahali. Doom ikaja na ngazi, mashimo, madirisha, kuta za kona yoyote, taa zinazozimika na kuwaka, giza linalokufuata.

Waliwezaje? Fikiria fundi rangi anaingia chumbani kwako. Ukuta ulio nyuma ya kabati haumhusu, maana hauonekani. Akijua mapema kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, anaokoa rangi na muda. Carmack alichukua mbinu iliyokuwa kwenye maandiko ya wataalamu tangu 1980: unagawa ramani vipande viwili, kila kipande unakigawa tena viwili, unaendelea hivyo hadi mwisho. Kazi hiyo inafanywa mara moja tu, kabla gemu haijamfikia mchezaji. Akianza kucheza, kompyuta inapita kwenye ile orodha, inajua papo hapo ukuta upi uko karibu, inauchora, na mahali palipokwisha kuchorwa hairudii tena.

Kuna ujanja mwingine: Doom haina ghorofa! Utaona ngazi na majukwaa, lakini huwezi kukuta chumba juu ya chumba. Kwenye ramani ni kiwanja kimoja bapa chenye sakafu za kimo tofauti. Macho yako ndiyo yanayomalizia kazi.

Na hapa nesi anaingia. Watu wengi walipata kichefuchefu wakicheza, na wengine mpaka leo wanapata. Sababu ni hii: macho yanauambia ubongo "tunakimbia", sikio la ndani, linalopima mwendo, linasema "tumekaa kwenye kiti". Ubongo unapata taarifa mbili zinazopingana, tumbo linalipa. Boti ya kwenda Unguja inafanya kinyume chake: sikio linasema tunayumba, macho yaliyo kwenye simu yanasema tumetulia. Ndiyo maana baharini tunakwambia acha simu, angalia mbali mbele. Na mtoto anayesema gemu inamtia kichefuchefu hadanganyi. Mpumzishe, mwongezee taa ya chumba, akae mbali kidogo na skrini.

5/10
Kitu kwenye Doom ninachokipenda kikazi: uso. Chini ya skrini, katikati, kuna uso wa yule askari unaocheza. Pembeni yake kuna namba ya afya, inaanza 100. Ukipigwa kutoka kushoto, anageuza macho kushoto. Ukiokota silaha mpya, anakenua meno. Afya ikishuka, uso unabadilika kwa hatua tano, kutoka mzima mpaka uliovimba na kulowa damu.

Mchezaji katikati ya purukushani hana muda wa kusoma namba. Anatupia jicho usoni, anajua hali. Ndivyo tunavyofundishwa wodini: kabla hujafunga kitambaa cha presha, mwangalie mgonjwa usoni. Rangi ya midomo, jasho, macho yanafuata au yamelegea. Namba zinakuja baadaye kuthibitisha. Wale vijana hawakusomea uuguzi, lakini hilo walilipata.

Pale walipokosea ni kwenye tiba. Unaokota boksi jeupe lenye msalaba mwekundu, afya inapanda 25 palepale, unaendelea kukimbia. Jamani, hakuna kidonda kinachopona hivyo.

Na huo msalaba mwekundu wenyewe una kesi. Wengi wanadhani ni alama ya hospitali au dawa. Sio. Asili yake ni Mkataba wa Geneva wa 1864, na unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Ni alama ya huduma za tiba za majeshi na ya vyama vya Msalaba Mwekundu, na maana yake vitani ni moja: hapa kuna majeruhi na wanaowahudumia, usipige. Chama chetu cha Msalaba Mwekundu kiliundwa kwa sheria mwaka 1962. Alama ikichorwa ovyo kila mahali, siku ya vita hakuna atakayeiheshimu. Mwaka 2006 Msalaba Mwekundu wa Canada waliwaandikia watengeneza gemu barua wakiomba waache kuitumia. Kwenye matoleo ya baadaye ya Doom ile ya zamani, msalaba ukaondolewa, ikawekwa picha ya kidonge. Wenye maduka ya dawa na maboksi ya huduma ya kwanza, na nyie mnisikie: alama ya huduma ya kwanza inayotambulika kimataifa ni msalaba mweupe kwenye kijani.

6/10
Turudi kwenye kisa. Gemu imekamilika, wataiuzaje? Hapa walifanya kitu ambacho mtu wa Kariakoo anakielewa haraka: onja kwanza. Doom ilikuwa na sehemu tatu. Sehemu ya kwanza, leveli tisa kamili, waliitoa bure. Na sio bure tu ya kucheza, waliruhusu uikopi, umpe rafiki, rafiki ampe mwenzake. Ukinogewa, unalipa kwao upate sehemu mbili zilizobaki.

Tarehe 10 Desemba 1993 waliiweka kwenye seva ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Watu walikuwa wameshajazana wakisubiri, kiasi kwamba wenyewe id walipata tabu kuingia ili waipandishe! Ilipopanda, seva ikazidiwa. Baada ya hapo ilisafiri kwa diski, mkono kwa mkono, bila tangazo la televisheni.

Kuna jambo la pili lililoibeba: kucheza na wenzako. Kompyuta mpaka nne zilizounganishwa kwa waya ziliweza kuingia kwenye ramani moja, mkawindana. Romero ndiye aliyeupa mchezo huo jina la deathmatch, na jina limebaki mpaka leo. Toleo la kwanza lilikuwa linatuma taarifa kwa kila kompyuta kwenye mtandao, hata ya mhasibu asiyecheza. Ofisi na vyuo vikasimama kazi, wakuu wakapiga marufuku. Ukiona leo watoto wanne wamekaa benchi moja bandani wanatukanana kwa furaha, huo utamaduni umetokea pale.

7/10
Sasa tuje kwenye hofu. Siku moja kabla Doom haijatoka, yaani tarehe 9 Desemba 1993, Baraza la Seneti la Marekani lilikuwa limekaa kusikiliza kesi ya gemu zenye ukatili. Hawakuwa wanaizungumzia Doom, walikuwa na Mortal Kombat na Night Trap. Matokeo yake mwaka 1994 ikaundwa bodi ya kubandika umri kwenye gemu. Mfumo wa zile herufi kwenye kasha, E kwa wote, T kwa vijana, M kwa miaka 17 na zaidi, ulizaliwa hapo. Doom ni M.

Kisha likaja jambo zito. Tarehe 20 Aprili 1999, shule ya Columbine, Colorado, wanafunzi wawili waliua wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja, wakajiua. Wote wawili walikuwa wachezaji wa Doom, na mmoja wao alikuwa akitengeneza leveli zake. Nchi nzima ikanyoosha kidole. Baadhi ya familia zilishitaki kampuni za gemu, mahakama ikaitupa kesi. Lakini kwa mzazi, picha ile haikufutika.

Utafiti unasemaje? Nitasema kilichopo bila kuongeza chumvi. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilirudia msimamo wake Machi 2020: gemu za ukatili zina uhusiano mdogo na tabia za ukali, mfano kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kusema zinasababisha mauaji na uhalifu wa aina hiyo. Mamilioni walicheza Doom. Wengi wao leo ni wazazi, wanalipa kodi ya nyumba na wanaumwa mgongo kama sisi.

Kuna upande mwingine pia. Mwaka 2003 watafiti Green na Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester waliandika kwenye jarida la Nature kwamba watu waliocheza gemu ya kushuti saa moja kwa siku, siku kumi, walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya umakini wa macho kuliko waliopewa Tetris. Mwaka 2007 utafiti wa madaktari 33 wa upasuaji ulionyesha waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 kwenye mazoezi ya upasuaji wa kamera. Ila usikimbilie kumnunulia mtoto PlayStation ili awe daktari! Huo wa pili haukuthibitisha kwamba gemu ndiyo iliyowapa mikono mizuri. Labda wenye mikono mizuri ndio wanaopenda gemu. Kidarasa tunaliita tatizo la nani alianza.

8/10
Sehemu hii ndiyo kiini cha uzi wangu, isome taratibu.

Kwa nini tunaizungumzia Doom na sio mamia ya gemu nyingine za miaka ile? Bunduki zilikuwepo kwingine, damu ilikuwepo kwingine. Nionavyo mimi, Doom iliishi kwa sababu waliotengeneza waliacha mlango wazi.

Carmack alitenganisha injini na vitu vilivyomo. Injini, ile programu inayochora na kuhesabu, ilikaa upande wake. Ramani, picha na sauti zikakaa kwenye faili tofauti linaitwa WAD. Aliona vijana walivyohangaika kuivunja Wolfenstein ili waweke ramani zao, akaamua hii waikute imerahisishwa. Ndani ya miezi michache watu wasiojuana na id wakatengeneza vifaa vya kuchorea leveli na kuvigawa bure. Wengine wakaweka nyumba yao, wengine chuo chao. Hata jeshi la wanamaji la Marekani, mwaka 1996, likaibadilisha kufundishia askari wanne wanne kushirikiana. Na mwaka huohuo ikatoka gemu ya watoto ya kampuni ya nafaka za asubuhi, Chex Quest, iliyojengwa juu ya injini ya Doom, hakuna anayekufa ndani yake.

Tarehe 23 Desemba 1997 Carmack akamaliza kabisa: akatoa msimbo wa programu yenyewe, kila mtu ausome. Mwaka 1999 ukawekwa chini ya leseni huria.

Angalia ukoo ulivyoshuka. Counter-Strike ilianza 1999 kama kazi ya vijana wawili walioibadilisha gemu ya watu wengine, Half-Life, nayo ilijengwa kwa injini iliyotoka kwa Quake ya id. Call of Duty ya kwanza, 2003, ilitumia injini ya Quake III, ya id hiyohiyo. Mtindo wa PUBG, watu wengi kisiwani anabaki mmoja, Brendan Greene aliuanza kwa kubadilisha gemu ya wengine kabla hajapata ya kwake. Tabia ya "fungua, badilisha, gawa" ndiyo iliyomzaa mjukuu aliye kwenye simu ya mwanao.

Na huku kwetu Afrika Mashariki? Nairobi walishika mapema. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D ya msichana anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Mwaka 2015 Andrew Kaggia, aliyejulikana kwa katuni ya Wageuzi iliyowageuza wanasiasa wa Kenya kuwa mitambo, alitoa na studio yake ya Black Division Games gemu ya Nairobi X. Hiyo ni ya kushuti kabisa, macho ya mhusika, bunduki mkononi. Wavamizi kutoka anga za juu wameshuka Nairobi na wewe ndiye unayetakiwa kuwafukuza. Leveli ya kuzimu ya Texas imekuwa mitaa ya Nairobi. Kwa kijana wa Mkenya, mara ya kwanza aliona mji wake ukilindwa, sio New York.

Wauguzi wenzangu mnalijua hili kwa jina lingine. Takwimu tunazozijaza kwenye vitabu vya MTUHA zinaishia kwenye DHIS2, programu huria iliyokuzwa Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakashiriki kuirekebisha ifae mazingira yetu. Haikutoka kwenye Doom, msinielewe vibaya. Ila iliwezekana kwa sababu ileile: aliyeitengeneza aliruhusu mwingine aifungue.

9/10
Mlango ukiwa wazi, wanaingia na vichaa. Kwa miaka mingi watu wameshindana kuiwekea Doom kila kitu chenye skrini: mashine za ATM, vikokotoo, kamera, printa. Viwili vinanihusu.

Septemba 2020 mtaalamu mmoja anayejulikana mtandaoni kama Foone alionyesha Doom ikichezwa kwenye kipimo cha mimba cha kidijitali. Ukweli wake: alitoa skrini na kompyuta ya ndani, akaweka zake, likabaki ganda. Ila alipokifungua aligundua jambo ambalo kila mwanamke anatakiwa kulijua. Ndani ya kile kipimo cha bei kubwa chenye maandishi kulikuwa na kijikaratasi kilekile cha mistari kama UPT tunayoitumia kliniki, na kijicho cha taa cha kusoma ule mstari kwa niaba yako. Yaani umelipa hela nyingi mashine ikusomee mistari miwili. Sheria za kupima ni zilezile: soma maelekezo, zingatia muda, ukipata majibu njoo kliniki mapema.

Cha pili ni bakteria. Mwishoni mwa 2023 mtafiti wa MIT, Lauren Ramlan, alitumia kompyuta kuigiza jinsi seli za E. coli zinavyoweza kuwa skrini ya Doom. Ndiyo, E. coli yuleyule wa UTI tunayewapimia mkojo. Kila seli inang'aa au inazima, kama nukta. Hesabu yake: picha moja inachukua dakika kama 70 kuwaka vizuri, na zaidi ya saa 8 bakteria kurudi kama mwanzo. Kumaliza gemu nzima kungechukua karibu miaka 600. Foleni ya Tegeta ina nafuu.

Unacheka, lakini angalia wanachofanya. Mtu anafungua kifaa, anajua ndani kuna nini, anajifunza mpaka wa uwezo wake. Doom imekuwa mtihani wa vitendo wa mafundi dunia nzima.

10/10
Sasa jibu la wazazi.

Moja, gemu ya kushuti peke yake haimfanyi mtoto muuaji. Usimpige wala kumwita shetani kwa sababu hiyo. Ila umri una maana. Zile herufi kwenye kasha ziliwekwa kwa sababu, na mtoto wa miaka saba hana kazi na gemu ya miaka 17.

Mbili, hatari ninayoiona mimi ni usingizi, chakula na shule. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa uraibu wa gemu kwenye orodha ya ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: ameshindwa kujizuia, gemu imeshika nafasi ya mambo yake yote, na anaendelea hata akiona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12, na iwe imeharibu maisha yake kweli, shule, familia au urafiki. Kucheza sana likizo ya Desemba sio ugonjwa. Kuiba hela ya kwenda bandani, kukesha, kuacha kula na kuacha shule, hiyo mlete tuongee, na usisubiri mwaka uishe. Wakati mwingine gemu ni mahali anapojificha. Chini yake unakuta kaonewa shuleni, au nyumbani kuna ugomvi.

Tatu, kaa naye dakika kumi na tano. Muulize anacheza nini, nani yumo humo ndani anaongea naye, hela za kununulia vitu anatoa wapi. Doom ya 1993 haikuwa na mtu mzima asiyemjua anayemtumia ujumbe usiku. Za leo zinao, na hilo linanitisha kuliko risasi za kuchora.

Nne, msikilize vizuri akianza kusema "mama, hii ramani mimi ningeiweka hivi". Huyo ameshaanza kuwaza kama mtengenezaji. Injini za kutengenezea gemu siku hizi zipo za bure, na msimbo wa Doom bado uko wazi, yeyote anaweza kuusoma. Kompyuta ya mtumba inatosha kuanzia. Mtafutie mtu wa kumwelekeza, hata kama ni yule fundi simu wa hapo kituoni.

Wenye maswali weka hapo chini, nitajibu kesho mchana, leo niko zamu ya usiku. Uzi ujao tunarudi kwenye presha ya ujauzito, wajawazito wote mkae mkao wa kusoma.